Guta la Spana Mbili

Zipora alikuwa anavuka barabara ya Kambarage, debe la unga kichwani, alipoona mwanga wa buluu ukirukaruka nyuma ya ukuta wa nyumba yake. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Mwanga ule alikuwa ameishi nao miaka ishirini na sita, tangu aolewe kutoka Ushirombo na fundi wa kuchomelea aliyesifiwa mji mzima wa Shinyanga kwamba chuma alichokiunga yeye kingekatika mahali pengine popote, si kwenye kiungo chake. Kilichomshtua ni kwamba siku ile mumewe, Ndaki, alikuwa amesema hana kazi yoyote ya kuchomelea.

Alitua debe kizingitini, akapita kati ya magari mabovu yaliyojaa uani. Mumewe alikuwa amechuchumaa upande wa kushoto wa guta la binti yao, miwani nyeusi usoni.

"Baba Violeth!"

Cheche ziliendelea kumwagika.

"Baba Violeth, unafanya nini?"

Ndaki aliinua miwani hadi kwenye paji la uso. Alikuwa na sura ya mtu aliyekutwa jikoni akionja nyama kabla ya wageni.

"Naimarisha."

"Unaimarisha nini? Mwenyewe si amesema hataki kuchomelea hata mahali pamoja?"

"Mwenyewe yuko kwenye mazoezi ya kwaya."

Zipora alishika kiuno. Guta lile la magurudumu matatu, la kubebea mizigo, lilikuwa limemchukua Violeth miezi minne. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyogongwa, difu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma ilitoka kwenye kipikapu kilichopinduka Tinde, taa zilitoka kwenye magari matatu tofauti. Lakini jinsi vilivyounganishwa, hapo ndipo binti alipokuwa ameweka akili zake zote za chuo. Kila kiungo kilikuwa cha bolti na nati, na nati zote zilikuwa za ukubwa wa aina mbili tu, spana namba kumi na nne na namba kumi na saba. Hata ngozi ya kiti hakuibandika kwa gundi, aliifunga kwa kamba kama kiatu, ili siku sponji ikichoka ngozi ibaki. "Kinachokufa kitoke peke yake, mama," alikuwa akisema huku akikaza. "Kisiondoke na wenzake wazima."

Na kesho yake, Alhamisi, Girish wa Geita alikuwa anakuja kuliona. Girish alikuwa na duka la vifaa na maguta yanayobeba maji na mawe ya wachimbaji wadogo. Akilipenda, Violeth angebaki nyumbani na kazi yake. Asipolipenda, ndani ya kabati, chini ya sahani za wageni, kulikuwa na bahasha kutoka kampuni moja ya mikopo ya Mwanza iliyomtaka Violeth akakae dirishani na kupokea marejesho, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Tangu bahasha ile ifike, Ndaki alikuwa hajaitaja hata mara moja.

"Januari amezihesabu hizi nati," alisema sasa. Januari alikuwa jirani yao, muuza vipuri, mtu wa maneno. "Amesema ziko mia moja na nane. Amesema likifika Tinde, mwendeshaji atakuwa ameshika usukani peke yake, mengine yote yako njiani yanaokotwa na wachunga ng'ombe. Watu wa kijiweni wamecheka mpaka wamemwaga kahawa."

"Ndiyo maana unaliharibu?"

"Naliharibu? Mama Violeth, huyu Mhindi akilipandisha kwenye shimo moja tu, nati zikaachia mbele ya macho yake, mtoto ataiweka wapi sura? Nagusa kidogo tu, kila nati na bamba lake. Halafu napaka rangi. Hatajua, na halitafunguka maisha."

Alirudisha miwani, akahamia upande wa kulia, akachagua kijiti kipya. Alipogusa chuma, hakikutoka hata cheche moja. Aligusa tena. Redio ya jirani nayo ilikuwa imenyamaza.

"Umeme umekatika," alisema.

"Mungu ana masikio," alisema Zipora, akaenda kuokota debe lake.

Umeme haukurudi jioni ile. Violeth aliporudi kutoka kwaya, giza lilikuwa limeshaingia, na Ndaki alikuwa amemaliza kupaka guta zima rangi ya kijani, akaosha brashi na kulala mapema kuliko kuku.

*

Asubuhi Violeth alitoka nje na mswaki mdomoni, akasimama.

"Baba! Umelipaka rangi upya!"

Alikuwa na furaha kiasi kwamba povu la dawa ya meno lilimdondokea kwenye kanga. Ndaki, aliyekuwa anakunywa chai, aliangalia ndani ya kikombe.

"Lilikuwa limepauka kidogo," alisema.

"Asante, baba. Kweli asante." Alizunguka guta huku akilitazama. Halafu akainama. "Ila zile alama nyeupe nilizochora kwenye nati umezifuta."

"Vile vimistari? Nilidhani ni mapambo."

Violeth alicheka kwa sauti. "Mapambo! Si mapambo, baba, vile ni vya..." Simu yake ikaita. Alikuwa Girish, ameshapita Tinde. Violeth aliruka ndani kwenda kuoga, na vimistari vikasahaulika.

Zipora alibaki amesimama na birika mkononi. Kwao alikokulia, mama hakumfunua baba mbele ya mtoto. Angeweza kumsema chumbani mpaka jogoo awike, lakini uani, mbele ya mtoto, baba alikuwa baba. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, na asubuhi ile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwambie," alimnong'oneza mumewe. "Mwambie sasa hivi, kabla mgeni hajafika. Ukimwambia wewe, ataelewa."

"Nitamwambia mgeni akishaondoka."

"Na akitaka kulifungua?"

"Mtu anakuja kununua gari, alifungue la nini? Atapanda, ataliendesha, atapiga teke magurudumu, basi. Ndivyo wanunuzi wanavyofanya."

"Violeth amesema mara tatu kwamba..."

Lakini Ndaki alikuwa ameshainuka kwenda kunyoa ndevu, ambazo alikuwa amezinyoa jana yake.

*

Girish alishuka kwenye gari akiwa amevaa shati jeupe na kandambili za safari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, babu yake ndiye aliyefungua duka lile Geita, na Kisukuma chake kilikuwa cha nyumbani.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimia Zipora kutoka getini, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu sana."

Violeth alimpa shikamoo, mikono nyuma, akaitikiwa marahaba. Nyuma ya Girish alikuja dereva wake, Thobias, kijana mrefu mwenye vumbi jekundu la Geita kwenye nyusi, aliyelitazama guta kama mtu anayetazama mchumba aliyechaguliwa na ndugu.

Kwanza walipakia mifuko sita ya mchanga. Thobias aliliendesha mpaka barabarani, akaingia makusudi kwenye korongo la maji ya mvua, akarudi. Hakuna kilichodondoka. Ndaki alimtazama mkewe na kuinua nyusi, kama kusema, unaona?

"Linakwenda," alisema Girish. "Lakini kwenda, yote yanakwenda. Mimi shida yangu ni siku lisipokwenda. Nyuma ya duka langu yamelala maguta kumi na manne, binti. Hili limekufa difu, hili limepinda chesisi. Injini nzima, magurudumu mazima, lakini kila kitu kimechomelewa kwa mwenzake. Kulifungua ni kulikata, na kule mashimoni hakuna umeme wa grenda. Wewe uliniambia kwenye simu kwamba hili dereva analifungua mwenyewe, porini, kwa spana mbili."

"Ndiyo."

"Gurudumu la nyuma na bamba linaloshika ekseli, kwa dakika kumi na tano."

"Kumi na mbili," alisema Violeth, akatabasamu akitazama chini.

Walishusha mchanga, wakainua guta na kuweka matofali chini yake. Girish alitoa simu yake, akafungua saa. "Haya. Upande huu." Akapiga gurudumu la kushoto kwa ncha ya kandambili.

Zipora aliona mumewe akishusha kofia yake mpaka machoni.

Violeth alipiga magoti, akaweka spana namba kumi na saba, akavuta. Akavuta tena. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akavuta kwa uzito wake wote, spana ikachomoka na vifundo vya vidole vyake vikajikwaruza kwenye chuma. Damu ilitoka. Alivifuta kwenye ovaroli, akajaribu nati ya pili. Halafu ya tatu.

"Dada," alisema Thobias, "hizi nati zimeokoka. Hazirudi nyuma tena."

Alicheka peke yake. Girish hakucheka, alikuwa anatazama saa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Violeth alikwaruza rangi kwa ncha ya spana. Chini yake kulikuwa na ule mshono aliokuwa akiuona tangu anajifunza kutembea, mdogo, uliopangika kama magamba ya sato. Hapakuwa na mkono mwingine Shinyanga uliochomelea hivyo. Alibaki amepiga magoti, na Zipora aliona mabega yake yakishuka taratibu. Violeth hakugeuka kumtazama baba yake, na kule kutogeuka ndiko kulikomuuma Zipora.

"Samahani," binti alisema. "Ni kosa langu. Nilipatwa na woga, nikachomelea. Nimewapotezea muda."

Girish alizima saa. "Sasa umeniita ya nini, binti? Saa nne nzima nimekuwa barabarani."

"Samahani sana."

"Ya kuchomelewa ninayo kumi na manne."

"Mwongo huyo."

Wote waligeuka. Ndaki alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili tumboni.

"Mtoto anasema uongo," alisema. Sauti yake, iliyozoea kushindana na mashine, ilikuwa ndogo. "Hajachomelea yeye. Nimechomelea mimi, jana, yeye hayupo. Alinikataza, mimi nikachomelea."

"Kwa nini, mzee?" aliuliza Girish.

Ndaki alizungusha kofia. Mbele yake alikuwepo mgeni, dereva wa mgeni, na juu ya ukuta kichwa cha Januari, ambacho hakuna aliyejua kilikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Nilitaka lisivunjike," alisema. "Kuna barua ya Mwanza kabatini. Nilisema, likivunjika mbele yako, huyu anaondoka."

Violeth alimtazama baba yake sasa. Kumbe alikuwa anahesabu siku, huyu mzee aliyekuwa akipita mbele ya kabati kana kwamba ni ukuta.

*

Girish alishatoa funguo za gari. Alikuwa na njia ndefu, na huruma haimfikishi mtu Geita. Zipora aliliona hilo, akaona pia kwamba jambo lile lililomkaba kooni asubuhi halikuwepo tena. Baba alikuwa amejifunua mwenyewe.

"Baba, huondoki kwangu hujala," alimwambia Girish.

"Wabeja, mayu, asante, lakini mimi sili nyama."

"Nani amekutajia nyama? Nina choroko na mlenda. Kaa." Alimwekea kiti kwa namna ambayo mtu angelazimika kukiruka ili apite. "Na wakati unakula, hawa wafungue. Upande wa kulia hakuuchomelea. Umeme ulikatika kabla hajaugusa, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Mtoto afungue upande wake kwa spana. Na aliyechomelea afungue wa kwake, kwa anachokijua yeye."

"Mama Violeth..." alianza Ndaki.

"Umeme si umerudi? Chukua grenda."

Girish alimtazama Zipora, akatazama kiti, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Alikaa, akanawa mikono, akaweka simu kando ya sahani na saa ikiwa wazi.

Violeth alizunguka upande wa kulia. Aliweka spana kwenye nati ya kwanza. Spana ilishika, ikalalamika kidogo, na nati ikazunguka. Baada ya hapo hakutazama tena mtu. Nati aliziweka kwenye kofia ya baba yake, aliyoikuta chini, kumi na saba upande huu, kumi na nne upande ule. Thobias, bila kuambiwa, alishika gurudumu lilipolegea, halafu akashika na bamba.

Upande wa pili grenda ilikuwa inalia. Ndaki alikata mshono mmoja na kuanza mwingine. Alikuwa amefanya kazi nzuri jana, na leo kazi yake nzuri ilimkatalia. Diski ya kwanza ilikwisha, akafunga nyingine. Ili kuifikia nati ya ndani ilimlazimu akate bamba lenyewe, na alipolikata diski iliteleza, ikaingia kwenye bomba la ekseli na kuacha jeraha jeupe.

"Dakika kumi na moja," alisema Girish, huku tonge la ugali bado liko njiani. Mbele yake Violeth alikuwa ameweka juu ya gunia gurudumu, bamba na ekseli, kila kimoja peke yake, kizima.

Grenda iliendelea. Girish alimaliza choroko, akaongezwa, akamaliza tena. Januari alikuwa ameingia getini kabisa, akasimama na mikono mifukoni, bila utani wowote. Baada ya dakika hamsini na tatu grenda ilinyamaza, na Ndaki alikuja na bamba la upande wake mkononi, jeusi kwa moshi, limeliwa pembeni.

Girish alichukua lile la Violeth. "Hili likitoka kwenye guta moja, linaingia kwenye lingine?"

"Linaingia," alisema Violeth. "Hata kesho. Ndiyo maana yote yana matundu sawa."

"Na hilo lako, mzee?"

Ndaki aliligeuza. Zipora alijua anachokitazama. Alikuwa anautazama mshono wake, uliobaki mzima kwenye kipande kilichokatika, haukupasuka hata kidogo.

"Hili," alisema, "ni skrepa." Akavuta pumzi. "Limeshikana vizuri sana. Lakini ni skrepa, la kuuza kwa kilo."

Thobias alikuna kichwa. "Bosi, na mimi niulize. Barabara ya kwetu inatikisa mpaka meno. Nati zikilegea nitajuaje?"

"Mstari mweupe," alisema Violeth. "Nilichora kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba, mstari mmoja ulionyooka. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Asubuhi unazunguka guta mara moja kwa macho tu. Ulipokatika, unakaza. Hapo hakuna cha kulegea bila wewe kujua."

Ndaki aliweka bamba lake chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Vimistari," alisema. "Vimistari nilivyofuta."

"Ungeniuliza tu, baba," alisema Violeth, na sauti haikuwa ya lawama, ilikuwa ya mtu anayezuia kicheko na kilio kwa pamoja.

*

Girish hakuagiza matatu, kama Zipora alivyokuwa ameomba kimoyomoyo. Aliagiza hilo hilo moja, likishatengenezwa upande wa kushoto.

"Nileteeni Geita, livunjike kwetu kwanza," alisema akifunga mlango wa gari. "Nataka kuona linavyovunjika. Likivunjika kama binti anavyosema, tutaongea mengine. Na yale kumi na manne nyuma ya duka nitayaleta kwa lori, myakate. Mzee ndiye ayakate, anaonekana anajua yalivyochomelewa."

Januari alicheka mno kwa neno lile, Ndaki naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Ijumaa baba na binti walifanya kazi tangu asubuhi. Ndaki alikata bamba jipya, akalitoboa, na kila tundu alimwita binti yake aje kupima. Jua lilipoanza kulegea, nati zote mia moja na nane zilikuwa zimekazwa. Violeth alifungua kopo la rangi nyeupe, akampa baba yake brashi ndogo kuliko zote. Ndaki aliishika kama alivyokuwa akishika kijiti cha kuchomelea, akajaribu nati ya kwanza.

"Hivi?"

"Mwembamba zaidi, baba."

"Hivi?"

"Hapo sawa."

Zipora alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua choroko. Mkono ulioshona chuma kama magamba ya sato ulichora mistari myembamba iliyonyooka kama uzi. Baada ya nati kumi hivi, rangi ilijaa kwenye brashi.

"Mayu, nitafutie karatasi ya kufutia," Ndaki alimwambia binti yake kwa kumdekeza.

Violeth aliingia ndani. Zipora alisikia mlango wa kabati, halafu sahani za wageni zikigongana. Binti alirudi, akaweka bahasha kwenye gunia kando ya goti la baba yake.

Ndaki aliitazama. Brashi ilibaki hewani, tone la rangi likinenepa kwenye ncha yake.

"Hii si ile barua ya Mwanza?"

"Ndiyo hiyo, baba. Futia hapo," alisema Violeth, tayari ameinama kwenye nati iliyofuata. "Angalia usidondoshee tairi."